UZI: Kuunganisha SQLAlchemy na Flask, kwa wale ambao apu inaganda watu wakiwa wengi

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu, leo nimeona niuandike tu maana kila wiki humu kuna mtu analalamika apu yake ya Flask (fremuweki ya Python ya kujengea apu za mtandaoni) iko vizuri kwenye laptop halafu ikipanda seva inaganda, na jibu analopewa ni "ongeza RAM". Mimi niliongeza RAM mara mbili kwa hela ya mteja na haikusaidia kitu, hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa asiyejua, ORM ni laibrari inayokaa katikati ya programu yako na data besi. Jedwali la wanachama linakuwa klasi ya Python, mstari mmoja wa jedwali unakuwa objekti, wewe unabadilisha mwanachama.simu na yenyewe ndiyo inaandika SQL. Upande wa Python maarufu ni SQLAlchemy ya Mike Bayer, ilitoka 2006. Flask ya Armin Ronacher ikaja 2010. Hawa wawili hawakulelewa nyumba moja. Flask kwa makusudi kabisa haina ORM ndani yake, na SQLAlchemy haijui lolote kuhusu ombi la mtandaoni, haijui mtu kabofya saa ngapi wala jibu limemrudia saa ngapi. Kuwatambulisha ni kazi yako wewe, na hapo ndipo wengi tunapoharibu.

Apu yangu ilikuwa ya SACCOS, wanachama 600 na ushee, hisa, mikopo, marejesho. Nilivyoanza niliweka hivi juu kabisa ya faili:

```
engine = create_engine(ANUANI)
sesheni = Session(engine)
```

Halafu kila faili inaimpoti hiyo hiyo sesheni. Kwenye laptop safi kabisa kwa sababu mtumiaji ni mimi peke yangu.

Sasa sesheni ni nini? Ifikirie kama daftari la karani dirishani. Anaandika humo nini kimebadilika, na aliyekwisha kumtoa kwenye kabati anamkumbuka, ukimwuliza mwanachama namba 12 mara mbili anakupa yule yule, haendi kutafuta upya. Ukisema commit ndipo yote aliyoandika yanapelekwa na kuthibitishwa kwenye data besi. Mimi nilikuwa na Gunicorn (seva inayoendesha apu za Python) yenye woka 4, yaani nakala 4 za apu, kila woka thredi 25, yaani kila woka ana madirisha 25 na wote wanaandika kwenye daftari moja. Mama anayelipa marejesho anakomiti, kumbe kakomiti na fomu ya mkopo ya mtu mwingine ambayo ilikuwa haijafika nusu. Na mtu akijiandikisha kwa namba ya simu ambayo tayari ipo, data besi inakataa, daftari linabaki limechafuka, na kila anayeangukia kwa woka huyo baada ya hapo anapigwa PendingRollbackError hata kama amekuja kuangalia salio tu. Nikawa naamka usiku kuwasha seva upya.

Kanuni ambayo ningependa mtu aniambie siku ya kwanza ni hii, sesheni moja kwa ombi moja. Inazaliwa ombi linapoingia, inafungwa jibu linapotoka, liwe jibu zuri au eraa. Kwa Flask njia rahisi ni Flask-SQLAlchemy:

```
# ghala.py
from flask_sqlalchemy import SQLAlchemy
db = SQLAlchemy()

# apu.py
def tengeneza_apu():
    app = Flask(__name__)
    app.config["SQLALCHEMY_DATABASE_URI"] = ANUANI
    db.init_app(app)
    return app
```

db unaiweka faili lake peke yake ili modeli (zile klasi za majedwali) ziimpoti kutoka ghala na apu iimpoti modeli, ukiviweka pamoja vitazungukana na Python itagoma. Na db.session ukiiona usidhani ni daftari moja la wote, ni mlango tu, kila ombi likigonga linapewa lake, na ombi likiisha linafungwa lenyewe bila wewe kuandika chochote.

Asiyetaka hiyo nyongeza anaweza kwa mkono, si kazi kubwa:

```
Sesheni = scoped_session(sessionmaker(bind=engine))

@app.teardown_appcontext
def funga(kosa=None):
    Sesheni.remove()
```

Hiyo remove ndiyo watu wanaisahau. Ulizeni maswali, nipo.

#2 Mdau

Mkuu asante sana kwa kuandika kwa lugha yetu. Mimi nina skripti inatuma vikumbusho vya mikopo kila asubuhi kwa cron (kipanga ratiba cha seva), nikiita db.session inaniambia "Working outside of application context". Kwenye kurasa inafanya kazi, kwenye skripti inakataa, nimekwama siku ya tatu.

#3 Mleta uzi

Hiyo ni kwa sababu skripti yako haina ombi. Flask ombi linapoingia inafungua muktadha wa apu (hiyo application context), na Flask-SQLAlchemy kuanzia 3.0 ya mwaka 2022 inaiambatanisha sesheni na muktadha huo huo, zamani ilikuwa inaiambatanisha na thredi. Sasa cron ikiita hakuna aliyefungua, kwa hiyo fungua wewe:

```
app = tengeneza_apu()
with app.app_context():
    tuma_vikumbusho()
```

Ila angalizo moja, kama una wanachama wengi usifungue muktadha mmoja ukazungukia watu wote humo bila kukomiti, komiti kila baada ya kundi dogo, la sivyo akikukwama wa mwisho unapoteza kumbukumbu ya wote uliokwisha kuwatumia, na kesho utawatumia tena.

#4 Mdau

Mi nauliza tu kwa nia njema, kwa nini mtu ahangaike hivi wakati Django (fremuweki nyingine ya Python) ipo na ORM yake ndani? Nimetumia Django miaka minne sijawahi kuona neno sesheni ya data besi.

#5 Mleta uzi

Swali zuri na sibishi, kama unaanza mradi wa fomu na majedwali na paneli ya msimamizi, chukua Django ulale. Humo aliyejenga nyumba ndiye aliyejenga jiko, koneksheni inafunguliwa na kufungwa na fremuweki yenyewe.

Tofauti iko kwenye tabia. Django ukisema mkopo.save() SQL inakwenda hapo hapo, na kwa kawaida kila amri inathibitishwa papo hapo mpaka uifungie kwenye atomic, yaani uzifanye amri kadhaa kuwa transaksheni moja. SQLAlchemy inakusanya kwanza, objekti tano zikibadilika inajua ipi itangulie ipi ifuate, halafu inapeleka kwa mpigo ndani ya transaksheni moja. Kwenye mambo ya hela mimi nimeipenda hiyo, hisa na leja zinaingia pamoja au haziingii kabisa. Na kweri (maswali kwa data besi) ngumu za ripoti SQLAlchemy inakupa uhuru zaidi. Lakini ni chaguo, mimi nilikuta mteja ana Flask tayari.

#6 Mdau wa Nairobi

Sasa wakuu. Mimi niko na apu ya Flask na nimefuata hizo zote, db iko kwa faili yake, sesheni ni moja kwa ombi, lakini bado mwisho wa mwezi inalala. Logi inasema QueuePool limit of size 5 overflow 10 reached, connection timed out, timeout 30.00. Nimeweka pool_size 50, ikakaa poa siku moja halafu Postgres, data besi yenyewe, ikaanza kukataa watu. Hii kitu imenimaliza.

#7 Mleta uzi

Kaka umenigusa, hili ndilo lililonifanya niandike uzi. Mimi nilipita njia hiyo hiyo hatua kwa hatua mpaka hiyo pool_size 50.

Kwanza tuisome hiyo eraa maana imesema kila kitu. Engine ya SQLAlchemy ina puli ya koneksheni, yaani akiba ya koneksheni zilizo tayari kutumika, inabaki na 5, ikizidiwa inafungua 10 za ziada, jumla 15, na hiyo ni kwa kila woka. Mtu wa 16 anasubiri sekunde 30, asipopata anatupwa nje na eraa hiyo. Mimi nina thredi 25 kwa woka, kwa hiyo watu 10 wanaweza kusota nje huku 15 wameshikilia.

Nikapandisha pool_size ikawa 50. Sasa kila thredi inapata ya kwake, 25 mara woka 4 ni 100. PostgreSQL kama hujaigusa ina max_connections 100, na 3 kati ya hizo zimetengwa kwa msimamizi, zimebaki 97. Nikawa nimehamisha foleni kutoka kwenye apu kwenda kwenye data besi, na sasa hata skripti ya bakapu haikuweza kuingia. Kwa hiyo namba si dawa.

Swali la kujiuliza ni kwa nini watu 15 washikilie koneksheni kwa muda mrefu hivyo wakati kweri yenyewe inachukua milisekunde 5? Nikaingia kwenye pg_stat_activity, orodha ya Postgres inayoonyesha koneksheni zote na hali zake:

```
select state, count(*), max(now() - state_change)
from pg_stat_activity group by state;
```

Nikakuta rundo la "idle in transaction", nyingine zina sekunde 20, nyingine 40. Maana yake apu imefungua transaksheni, imesoma kitu, halafu imekaa kimya haifanyi chochote na haiachii.

Nilichokuwa nimekifanya ni hiki. Mwanachama akilipa, nasoma akaunti yake, naandika malipo, halafu NATUMA SMS ya kumjulisha, halafu ndo nakomiti. Kutuma SMS ni kwenda kwenye seva ya watu wengine kule, siku za kawaida sekunde moja, siku za mishahara nusu dakika. SQLAlchemy ukisoma tu, hata select moja, imeshakuchukulia koneksheni na kufungua transaksheni, na hairudishi mpaka useme commit, rollback (kutupa yote ambayo hayajakomitiwa) au sesheni ifungwe. Kwa hiyo kila mtu aliyekuwa anasubiri SMS alikuwa amekaa na koneksheni mkononi hana kazi nayo.

Dawa ni kubadilisha mpangilio. Soma, andika, komiti, HALAFU ndo uongee na dunia ya nje. Bora zaidi SMS iende kwenye foleni ya kazi za pembeni kama Celery, ombi la mteja lisiisubiri kabisa. Mimi nilianza na kusogeza mstari mmoja tu wa commit juu ya mstari wa SMS na mwisho wa mwezi ule seva haikuguswa na mtu. RAM yote niliyoongeza ilikuwa ya bure.

Mtego mmoja hapo, baada ya kukomiti objekti zote zinahesabika zimepitwa na wakati, ukigusa mwanachama.jina ili uliweke kwenye SMS inarudi data besi kusoma upya na hivyo inachukua koneksheni tena. Chukua jina na namba uweke kwenye vigeuzi vya kawaida KABLA ya kukomiti. Nenda kaangalie kwako kaka, uje utuambie.

#8 Mdau

Kwenye hiyo hiyo ya malipo, mimi shida yangu ni taarifa ya malipo ya simu kuja mara mbili. Mtu kalipa 50,000 mara moja, seva ya malipo ikituma taarifa na mimi nikichelewa kujibu inatuma tena, nakuta kaandikiwa 100,000. Nimeweka if ya kuangalia kama ipo tayari lakini bado zinapenya.

#9 Mleta uzi

Zinapenya kwa sababu zikija kwa pamoja zote mbili zinaangalia, zote zinakuta haipo, zote zinaandika. If ya Python hailindi hilo hata uiandike vipi. Namba ya muamala iwekee unique (isijirudie) kwenye jedwali lenyewe, data besi ndiyo iwe mlinzi. Ya pili itapigwa IntegrityError, unaidaka, unafanya rollback (usiisahau, ile habari ya daftari kuchafuka), na unaijibu ile seva kwamba umepokea ili iache kutuma.

Na salio nalo ni hivyo hivyo. Ukisoma salio 80,000 ukatoa 50,000 kwenye Python ukarudisha 30,000, na mwingine kafanya hivyo hivyo sekunde ile ile, hela imetoka mara mbili na daftari linasoma mara moja. Funga mstari unaposoma:

```
akaunti = db.session.execute(
    select(Akaunti).filter_by(id=namba).with_for_update()
).scalar_one()
```

Wa pili anasubiri wa kwanza akomiti, kisha anasoma salio halisi. Sasa unaona kwa nini SMS haitakiwi kuwa katikati, ukiituma hapo unakuwa umemfungia mtu mstari wake kwa nusu dakika. Na tafadhali, hela isiwe Float, tumia Numeric. Nimeshaona leja ya watu wazima inapishana senti na mhasibu anakosa usingizi.

#10 Mdau

Apu yangu haigandi ila ukurasa wa orodha ya wakopaji unachukua sekunde 9. Watu 300 tu. Je, ni ORM ndiyo nzito? Jamaa yangu ananiambia niitupe niandike SQL mwenyewe.

#11 Mleta uzi

Weka echo=True kwenye engine ufungue ukurasa huo mara moja uangalie logi. Nina hakika utaona select ya wanachama, halafu select ya mikopo 300, moja kwa kila mtu. Yaani kweri 301. Kwenye templeti umeandika mwanachama.mikopo ndani ya for, na kila ukiigusa ORM inakwenda kuchota, imekutii ulivyoomba. Mwambie tangu mwanzo kwamba utaihitaji:

```
select(Mwanachama).options(selectinload(Mwanachama.mikopo))
```

Zitakuwa kweri 2. Na weka index (faharasa ya kutafuta haraka) kwenye mwanachama_id ya jedwali la mikopo, PostgreSQL haikuwekei yenyewe kwa sababu tu ni ufunguo wa kigeni.

Kuhusu SQL ya mkono, jamaa yako yuko sahihi nusu. Ripoti za mwisho wa mwaka mimi naandika SQL kamili ndani ya text(), kwenye sesheni hiyo hiyo. Ila thamani zipitishe kama parameta, :jina na kamusi pembeni, usiunganishe maneno kwa f-string, hapo unamfungulia mwizi mlango.

#12 Mdau

Mimi niko kwenye hosting ya bei nafuu na MySQL. Kila asubuhi mtu wa kwanza kuingia anapata "MySQL server has gone away", akirefreshi inakubali. Bosi ameshazoea kusema "ingia mara mbili".

#13 Mdau mwingine

Naomba nijibu hii nimepitia. MySQL koneksheni isiyotumika inakatwa baada ya wait_timeout, kawaida ni sekunde 28,800, saa 8. Mnafunga ofisi saa 11 jioni mnafungua saa 2 asubuhi, hizo ni saa 15, puli bado inadhani ina koneksheni kumbe upande wa pili walishakata simu zamani. Weka hivi:

```
app.config["SQLALCHEMY_ENGINE_OPTIONS"] = {
    "pool_pre_ping": True,
    "pool_recycle": 280,
}
```

pre_ping inaigonga koneksheni kabla ya kukupa, ikiwa imekufa inafungua nyingine. Mi niliweka 280 kwa sababu hosting yangu ilikuwa inakata baada ya dakika 5, yako angalia. Na kama mnawasha Gunicorn kwa preload (apu inapakiwa kwanza, woka wanazaliwa baadaye) na apu inagusa data besi mapema, koneksheni moja inarithiwa na woka wote na majibu yanachanganyikana, hapo kwenye post_fork ita engine.dispose(close=False) kila woka aanze na zake.

#14 Mleta uzi

Mkuu #13 asante, hiyo ya preload nilitaka kuisahau.

#15 Mdau

FastAPI, ile fremuweki nyingine ya Python, vipi? Kanuni ni hiyo hiyo?

#16 Mleta uzi

Ile ile, mlango tu ndo tofauti. Huko hakuna teardown, unaandika fanksheni yenye yield na kuipitisha kwa Depends, kabla ya yield unafungua, baada ya yield unafunga. Ila ukienda kwenye AsyncSession (sesheni ya kodi ya async) jiandae, ile habari ya kugusa mwanachama.mikopo ikachotwa yenyewe haipo, utapigwa MissingGreenlet. Lazima utumie selectinload kila unapohitaji, na weka expire_on_commit=False la sivyo hata jina baada ya kukomiti litakugomea. Kwa kweli kama kazi yako ni ofisi moja ya watu kumi, sesheni ya kawaida inatosha, usijitese.

#17 Mdau

Nimeongeza kolamu kwenye modeli, nimeita db.create_all(), haionekani kwenye data besi. Nifute jedwali?

#18 Mleta uzi

USIFUTE. create_all inaunda majedwali ambayo hayapo, yaliyopo haiyagusi. Weka Flask-Migrate, ndani yake kuna Alembic ambayo nayo ni ya Mike Bayer, unatoa flask db migrate inakuandikia faili la mabadiliko, halafu flask db upgrade. Katikati ya hizo amri mbili fungua faili ulisome kwa macho yako. Alembic haijui kwamba umebadilisha jina, mimi nilibadilisha simu ikawa namba_simu, yenyewe ikaona kolamu moja imefutwa na nyingine mpya imeongezwa, ningepitisha hivyo namba za watu 600 zingeondoka. Nikafuta ile mistari nikaandika op.alter_column kwa mkono. Na bakapu kabla, kila mara.

#19 Mdau wa Nairobi

Nimerudi kama nilivyoambiwa. Nimeangalia pg_stat_activity saa ya kazi nikapata 31 ziko idle in transaction. Kwangu haikuwa SMS, ilikuwa PDF ya risiti, natengeneza ndani ya ombi kabla ya kukomiti, na inachukua kama sekunde 12. Nimekomiti kwanza, nimetoa data kwa dict, PDF ikafuata. Nimerudisha pool_size kwa 5. Jana ilikuwa tarehe 30, nimekaa nikiangalia tu, idle in transaction haikupita 2. Asante sana, niko na swali moja, hizo 2 ni za nini?

#20 Mleta uzi

Safi sana kaka, nimefurahi kweli. Hizo 2 angalia kolamu ya query kwenye pg_stat_activity hiyo hiyo, inakuonyesha kweri ya mwisho iliyopita kwenye koneksheni hiyo, ukiisoma utajua ukurasa gani. Kama ni ya milisekunde achana nayo, ni ombi lililokuwa njiani ulipopiga picha. Kama state_change inazidi sekunde 5, bandika hapa fanksheni nzima tuiangalie pamoja. Na weka idle_in_transaction_session_timeout kwenye Postgres, mimi nimeweka sekunde 60, ili siku nikisahau tena yenyewe ikate kabla foleni haijafika mlangoni.